Kikaango na Moto Wake

Kicheni pati ya Tunduma siku hizi haikamiliki bila seti ya granaiti. Huletwa imefungwa kwa karatasi ya kumeremeta, sufuria zimeingiana ndogo ndani ya kubwa, vifuniko vya kioo, kikaango kirefu na kifupi, miko ya mbao imefungwa utepe. Mashoga wa bibi harusi mtarajiwa huiingiza kwa kucheza, vigelegele vinapaa, seti inatua mezani kando ya hotipoti na mtungi wa gesi. Kisha somo na wazazi wa kike wanaanza kumfunda binti. Humo katikati limezuka swali ambalo mabibi zetu hawakuwahi kuulizwa: "Shangazi, eti hizi zinaleta saratani?" Na shangazi, ambaye naye kasikia kwenye simu kama binti alivyosikia, anajibu kwa alichonacho: "Mwanangu, wewe usizikwangue tu."

Jibu hilo lina ukweli, ila ukweli wake ni mdogo kuliko swali. Anayeuliza atapikia watu kila siku kwa miaka mingi, na baadhi ya watu hao watakuwa wanawe ambao bado hawajazaliwa. Anastahili kuwekewa mzani mezani, aone kipi kizito na kipi chepesi.

Sufuria inayouzwa kwa jina la granaiti kwa kawaida si ya jiwe. Ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba yenye madoadoa, na ngozi hiyo, katika vyombo vingi, ni ileile ya vikaango vyeusi: plastiki inayojulikana kwa herufi PTFE, na kwa jina la kibiashara Teflon. Ilipatikana kwa bahati tarehe 6 Aprili 1938, pale Roy Plunkett, mkemia kijana wa kampuni ya DuPont huko New Jersey, alipofungua mtungi wa gesi na kisitoke kitu. Alipoukata alikuta gesi imegeuka unga mweupe unaoteleza. Asidi haikuula, viyeyushio havikuuyeyusha. Mwaka 1954 Mfaransa Marc Grégoire alifaulu kuinatisha plastiki hiyo kwenye aluminiamu, na kufikia 1956 kampuni ya Tefal ilikuwa imeanza kutengeneza vikaango. Leo vyombo vya ukoo huo vinashuka Bandari ya Dar es Salaam, vinapandishwa malori hadi huku mpakani, na vingine vinavuka kwenda Nakonde mikononi mwa wateja wa Zambia.

Tabia ya plastiki hii ya kukataa kuungana na chochote ndiyo inayopaswa kutuliza hofu ya kwanza, ile iliyoenea kuliko zote. Kipande cha ngozi nyeusi kikibanduka kikaingia kwenye mayai, tumbo halina nguvu ya kukimeng'enya. Kitapita na kutoka kama kilivyoingia. Sisemi mtu aendelee kula ngozi ya sufuria. Kikaango kilichobanduka kimemaliza kazi yake na chakula kitaanza kushika tu. Nasema kwamba mama aliyegundua vipande vyeusi kwenye wali wa mtoto asilale akilia.

Jambo la kuogopa ni joto. Ngozi hii ikivuka nyuzi 260 za Selsiasi huanza kuharibika, na joto linavyozidi kupanda, hasa likivuka 350, hutoa mvuke wenye sumu. Ugonjwa unaotokana na mvuke huo ulielezwa na madaktari tangu 1951, kwa kuangalia wafanyakazi wa viwandani: saa chache baada ya kuuvuta, mtu anabanwa kifua, anakohoa, anatetemeka kwa baridi, homa inapanda, kisha siku moja au mbili baadaye anapata nafuu. Dalili hizo zinanihuzunisha kwa namna ya pekee. Kwetu mtu akitetemeka na homa ikapanda, tunajua jina lake kabla hatujafika zahanati. Mpishi wa Tunduma aliyevuta mvuke wa kikaango atameza dawa ya malaria au atasema mafua ya baridi yamemkamata, na kikaango kitarudi jikoni kesho yake.

Ndege hawana hata nafasi ya kuugua. Mapafu yao ni mepesi mno kwa mvuke huu. Wazungu wanaofuga kasuku ndani ya nyumba wamelijua hilo kwa uchungu, na Marekani kumeripotiwa vifaranga waliokufa kwa sababu ya balbu za joto zilizopakwa PTFE. Huku kwetu wapo akina mama wanaowalea vifaranga jikoni, kwenye boksi karibu na jiko, wapate joto. Ukiwa mmoja wao, taarifa hii inakuhusu kuliko makala zote za saratani ulizotumiwa kwenye simu.

Sasa ni nani anayefikisha kikaango nyuzi 260? Hapo ndipo jiko la Tunduma linapoachana na jiko la Paris. Chombo hiki kilibuniwa kwa mtu mwenye kitasa cha kugeuza, anayeweza kupunguza moto, kuuzima, na kupika kwa moto wa wastani kama karatasi ya boksi inavyoagiza. Mkaa hauna kitasa. Makaa yaliyokolea yana joto linalovuka nyuzi 600, na kinachokilinda chombo ni kile kilichomo. Palipo na maji pana usalama: mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka hapa kwenye nyuzi 95 hivi, na sufuria yenye mchuzi haiwezi kupanda mbali na hapo. Palipo na mafuta pana onyo, kwa kuwa mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hutoa moshi kabla ngozi haijaanza kuharibika. Hatari ni chombo kitupu. Kikaango kimewekwa juu ya makaa "kishike moto", mpishi kaenda kuchukua vitunguu, jirani kamsalimia mlangoni. Dakika chache zinatosha.

Na chapati! Sijui mapishi mengine ya nyumbani yanayokitesa chombo hiki kama chapati ya kusukuma. Inataka kikaango kikavu, kilichopamba moto, kwa saa nzima au zaidi kama ni Krismasi au Idi, kikibaki wazi kati ya chapati moja na nyingine. Wauza maduka husifu vikaango hivi kwa chapati kuliko kwa chochote. Mimi ningemwambia bibi harusi: tumia granaiti kwa mayai, kwa samaki wa Rukwa, kwa maandazi madogo ya watoto ukiwa na gesi, chapati ziachie kikaango cha chuma. Ugali nao usisongwe humo. Mwiko wa ugali wa watu wanane hukandamiza na kukwangua kwa nguvu za mabega, na chombo kilichotengenezwa ili kisiguswe na kijiko cha chuma hakitaona mwaka wa pili.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kikaango kiko peke yake jikoni. Kipo pamoja na moshi. Serikali imekuwa ikitaja kwamba Watanzania zaidi ya 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayotokana na kuni na mkaa wa kupikia, na duniani kote Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka mmoja wa 2020. Ndiyo sababu Mei 2024 Rais Samia alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo 2034. Huku nyanda za juu mzigo huu una uzito wake wa ziada. Maharage ya Mbozi, ambayo ni matamu kuliko yote ninayoyajua, yanachelewa kuiva kwa sababu maji yanachemka yakiwa hayajafika nyuzi 100, na kila saa inayoongezeka ni saa ya mkaa. Halafu mwezi wa sita na wa saba baridi inashuka, na jiko lililopikia maharage linaingizwa chumbani kuwapasha watoto joto, milango imefungwa. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya zaidi, kwa maana gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Watu wamelala nayo wasiamke.

Kwa hiyo binti akiniuliza ni hatari gani ya kwanza kuiondoa jikoni kwake, sitagusa kikaango. Nitaugusa ule mtungi wa gesi uliowekwa pembeni kwenye meza ya zawadi, ambao mara nyingi huisha mwezi wa kwanza wa ndoa na kubaki pambo la kona kwa kukosa hela ya kujaza. Ningependa mashoga waliochangia seti ya granaiti wachange tena baada ya miezi mitatu kwa ajili ya kujaza gesi. Zawadi hiyo haiwezi kufungwa utepe, lakini italinda mapafu ya mtoto.

Na kuna mshindani mwingine ambaye hofu yetu imempita bila kumtazama. Anayekikimbia kikaango cheusi hukimbilia wapi? Kwenye sufuria ya kawaida, ile nzito ya kienyeji iliyomwagwa na mafundi kwenye kalibu za mchanga. Tunaiamini kwa sababu ni nzito na kwa sababu tumekulia kwake. Lakini imetokana na nini? Na vyuma chakavu: pistoni, vifuniko vya gia, rejeta za malori, vyombo vilivyotoboka, vipande vya mashine ambavyo hakuna anayejua vilikuwa na nini. Mji kama wetu, ambao malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni barabarani, haukosi malighafi ya namna hiyo. Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya sufuria za namna hii kutoka Kamerun, wakionyesha zinaachia madini ya risasi kwenye chakula. Mwaka 2017 wakapanua kazi: vyombo 42 kutoka nchi kumi, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo viliachia risasi kwa kiwango cha kutia hofu, na vingine viliachia pia kadimi na aseniki.

Risasi haina kiwango salama. Shirika la Afya Duniani linalisema hilo waziwazi. Inaingia kwenye mifupa ya mtoto na inapunguza uwezo wake wa kujifunza, bila homa wala maumivu ya kumfanya mama ashtuke. Kwenye mzani wangu, sufuria isiyojulikana asili yake, inayopikiwa uji wa mtoto kila asubuhi, ni nzito kuliko kikaango cha granaiti kilichobanduka. Najua nasema jambo litakalowakera wengi. Tumezoea kwamba cha kienyeji ndicho salama na cha dukani ndicho chenye dawa, na mara nyingi tumekuwa sahihi. Hapa mazoea hayo hayatusaidii.

Sisi wenyewe tunazidisha tatizo kwa usafi wetu. Mwanamke wa huku hupimwa kwa mng'aro wa sufuria zake. Atazisugua kwa mchanga, majivu na stilwaya hadi auone uso wake ndani yake. Aluminiamu ikikaa na hewa hujifunika utando wa oksidi, na utando huo ndio kinga yake. Tunausugua kila siku, kisha tunamimina nyanya, ndimu au ukwaju juu ya chuma kilichovuliwa nguo. Tena kuna magadi. Wapishi wa mlenda na wa maharage magumu wanayapenda magadi, na aluminiamu ina udhaifu wa kuliwa na vitu vikali vya pande zote mbili, asidi na alikali. Ule weusi unaojitokeza ndani ya sufuria baada ya kuchemsha na magadi ni alama ya kazi hiyo. Aluminiamu yenyewe, kwa mtu mwenye figo nzima, hutolewa sehemu kubwa na mwili. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye wa kujihadhari zaidi. Ila palipo na risasi ndani ya mchanganyiko, magadi na ndimu vinaweza kuichota pamoja.

Vyombo vya wazee vipo, na havijafa. Wanyiha walikuwa wafua chuma kabla ya Wajerumani kufika, wakiyeyusha mawe ya nchi hii kwenye tanuri zao wenyewe. Kimondo cha Mbozi, pale kwenye kilima cha Marengi, ni chuma kwa takriban asilimia 90, kimelala kikisubiri watalii. Chuma kina sifa moja ambayo granaiti haina: kile kinachochubuka ndani yake kinatufaa. Mwaka 1999 jarida la Lancet lilichapisha jaribio kutoka Ethiopia, ambapo watoto waliopikiwa kwenye vyungu vya chuma walipata damu nyingi kuliko waliopikiwa kwenye aluminiamu. Katika nchi ambayo karibu wanawake wanne kati ya kumi wana upungufu wa damu, sioni kwa nini kikaango cha chuma kisichukue nafasi ya heshima kwenye meza ya zawadi. Na kutoka Ikombe, ng'ambo ya milima, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, wanawake wa Kikisi bado wanafinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Matema. Maharage ya chungu hayahitaji kutetewa na mimi.

Lakini nisiache ionekane kwamba hofu ya binti ilikuwa ya bure. Saratani anayoisikia ipo, na ina anwani. Huko Parkersburg, jimbo la West Virginia, kiwanda cha DuPont kilichotengeneza Teflon kilitumia kemikali ya kusaidia inayoitwa PFOA, na kwa miongo mingi ikamwagwa mtoni, hewani na kwenye majalala. Mfugaji Wilbur Tennant aliona ng'ombe wake wakikonda na kufa kandokando ya kijito. Mwaka 1998 alimpata wakili Rob Bilott, na kesi ikafukua nyaraka za kampuni zilizoonyesha kwamba ndani ya kiwanda walijua mengi kuliko walivyosema. Watu wapatao 69,000 walipimwa damu. Jopo la wanasayansi likahitimisha, kufikia 2012, kwamba kuna uhusiano unaoelekea kuwa wa kweli kati ya kemikali hiyo na magonjwa sita, yakiwemo saratani ya figo na ya korodani. Mwaka 2017 kampuni zilikubali kulipa dola milioni 671 kumaliza kesi zipatazo 3,500. Mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania ni mwanachama, uliiweka PFOA kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani, na 2023 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, ikaitangaza kuwa ni kisababishi cha saratani kwa binadamu.

Ndiyo maana boksi la seti linaandikwa kwa herufi kubwa kwamba halina PFOA. Inaweza kuwa kweli kabisa. Lakini maandishi hayo hayasemi chombo hakina PTFE, wala hayasemi kiwanda kimebadilisha PFOA kwa kitu gani. Kemikali iliyoingia mahali pake, GenX, ilifichuliwa hadharani mwaka 2017 kuwa imo kwenye maji ya mto Cape Fear wanayokunywa watu wa North Carolina. Ukoo wote wa kemikali hizi huitwa za milele, kwa kuwa hazijui kuoza. Jimbo la Minnesota limepiga marufuku kuuza vyombo vya kupikia vyenye ukoo huo tangu Januari 2025. Ufaransa, kwao Grégoire, ilipitisha sheria mwaka huohuo dhidi ya kemikali hizo kwenye vipodozi na nguo, ikaviacha vikaango, baada ya wafanyakazi wa viwanda vyake kuandamana.

Kwa hiyo sumu ya kikaango ilimfikia mnywa maji wa Parkersburg kabla haijatufikia sisi, na kwa kiasi ambacho mayai yetu ya asubuhi hayawezi kukikaribia. Aliyelipa zaidi ni wa mwanzo wa safari. Nikiifuata safari hiyo hadi mwisho wake, namkuta mwingine. Granaiti iliyobanduka haitupwi Tunduma. Kwanza inashushwa daraja: inapewa dada wa kazi, au inapelekwa kijijini kwa mama mkwe. Ikichoka huko, inauzwa kwa kilo kwa kijana wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni. Kijana anaifikisha kwa fundi wa kuyeyusha, na fundi anaitumbukiza kwenye moto pamoja na pistoni. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Ngozi nyeusi, ambayo mama wa mjini aliilinda isifike 260, inaungua yote kwa mara moja mbele ya uso wa mtu asiye na kifuniko cha pua, na mara nyingi kuna mtoto wa kuvuta kiriba pembeni yake.

Huyo fundi hayumo kwenye maswali ya kicheni pati, wala kwenye maandishi ya boksi. Ni yeye tunayemhukumu kwa risasi iliyo kwenye sufuria zake, ilhali hakuna aliyemwambia kipi asiyeyushe. Vipo vifaa vya kushika mkononi vinavyosoma madini ya chombo kwa miale, kwa muda mfupi sana, bila kukitoboa wala kukiharibu. Natamani kimoja kizungushwe kwenye masoko ya Tunduma, Vwawa na Mkwajuni, kipime sufuria moja moja, na majibu yapelekwe kwanza kwa wanaozimwaga, kwa Kiswahili cha karakana: sahani za betri hapana, nyaya zenye lehemu hapana, granaiti ikwanguliwe ngozi yote kabla ya moto. Mafundi hawa wanalisha familia kwa mikono yao, na wana akili ya chuma ambayo haifundishwi darasani. Wakipewa orodha hiyo, wataitumia.